Ukoo wa Ound na Neno Ulilobaki Nalo Shimoni

Yaya, kaka yangu mkubwa mpendwa,

Leo Ilunga amekuja nyumbani, ndiyo maana nimeshika kalamu. Ilunga yuleyule uliyeshuka naye shimoni mara ya mwisho, yule aliyetoka akiwa hai. Nitafika kwake. Niache nianzie mbali kidogo, maana nikianza naye nitaandika kwa hasira, na wewe hukuzipenda hasira zangu.

Unakumbuka ulivyonifundisha Kiingereza? Ulitaka kuendesha malori ya shaba kutoka Kolwezi, upite Kasumbalesa, uingie Zambia, na kule, ulisema, Kifaransa hakikununulii hata maji ya kunywa. Ukawa unakusanya maneno ukoo kwa ukoo. "Yote yenye mukia moja, njo familia moja," uliniambia nyuma ya jiko la mama. Ukoo uliokupendeza kuliko zote ni ule wa maneno yanayoishia na ound. Kamusi iliyapanga kwa herufi. Wewe uliyapanga kwa mwendo wa kazi ya shimo. Ground, udongo, kwa kuwa kila kitu kinaanzia pale. Sound, sauti, kwa kuwa mchimbaji hugonga ukuta kwanza na kusikiliza kama mwamba ni mzima. Pound, kuponda. Round, mviringo, kama mdomo wa shimo unavyoonekana ukiwa chini. Wound, kidonda. Na mwisho kabisa found, yaani kilichotafutwa kimepatikana.

"Juu ya nini found inakuwa ya mwisho?" nilikuuliza sababu.

"Mutu anaumia kwanza, kisha anapata," ukasema, ukanionyesha vidole vyako vilivyochubuka.

Huo ukawa mchezo wetu. Mmoja anasema neno, mwingine anajibu kwa linalofuata. Tulicheza hivyo asubuhi tukienda machimboni, wewe na nyundo yako, mimi na beseni la kuoshea mawe. Tukifika tunaachana, kwa sababu mwanamke hakaribii mdomo wa shimo. Akikaribia, mali inakimbia. Ndivyo wachimbaji wanavyoamini, na hata wewe, bwana Kiingereza, uliamini.

Siku ile nilikuwa majini na wanawake wenzangu, jua limesimama utosini. Kishindo sikukisikia. Niliona wanaume wanakimbilia shimo lenu, kisha wakasimama. Kule kusimama ndiko kulikonitia hofu, maana mtu mwenye la kufanya hasimami. Nikaacha beseni, nikapanda. PDG, ndivyo tunavyomwita mkubwa wa shimo, akaninyooshea mkono kunizuia.

"Mama, rudia kule. Mwanamuke hapana kufika hapa."

"Yaya yangu eko mule."

"Bale balisha kufa, mama. Udongo imefunga."

Kitu pekee kilichokuwa bado kinaingia kwenye udongo ule ni mpira wa kupitishia hewa, na mashine yake ilikuwa inanguruma. Hakuna aliyeshika koleo. Mtu wa mashine alikuwa ameshainama aizime na kuondoka nayo. Nikamwambia aizime kidogo tu, anifungulie mpira nisemee ndani, kisha aiwashe tena. Aliniangalia kama nimeingiwa na wazimu. Lakini mpira ukiwa kwenye mashine sauti haipiti, na ukiondolewa hewa haipiti. Kila neno nililotaka kukutumia lingekula pumzi yako, yaya. Nilijua hilo, na bado niliomba.

Nikaweka mdomo kwenye mpira. "Ground."

Nikaweka sikio. PDG akaanza kutikisa kichwa. Halafu, mbali kabisa, kama mtu anayeongea usingizini: "Sound."

Sikuhitaji kuwaeleza kitu. Walisoma uso wangu, wakarukia makoleo, PDG mwenyewe akiwa wa kwanza, na habari ya mwanamke na mali ikaishia hapo. Mashine ikawashwa. Wakachimba, wakapokezana, kisha nikaomba tena mpira. "Pound," nikasema. "Round," ukajibu, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Neno lililofuata nililiogopa. Sikutaka kukutajia kidonda mahali kama pale. Ila zamu ilikuwa ya neno hilo, na kama ningeliruka ungedhani si mimi. Nikasema, "Wound." Nikasikiliza. Neno halikuja, lakini pumzi ilikuwapo. Mtu alikuwa anahema kule chini, namsikia. Nikawaambia wanaume, "Anapumua, chimbeni." Nilikuwa na furaha, yaya. Nilikuwa na furaha mpaka walipomtoa mtu mwenye mpira mdomoni, na mtu huyo akawa Ilunga. Wewe ulikuwa nyuma yake, umeshakwenda.

Nilimchukia kwa ile pumzi. Sifichi. Kanisani nilibadili benchi, sokoni nilibadili njia. Alinisalimia, nikaangalia viatu vyangu.

Leo amepiga hodi mwenyewe, anaegemea fimbo. Hakutaka kukaa.

"Mama, mi nilibanwa na jiwe ku kifua. Yeye njo alinisukumia mupira. Alisema, 'Kamata, pumua. Mudogo yangu anaongea, utamujibia.'" Akahamishia fimbo mkono wa pili. "Nilisikia neno yako. Lakini sikujua ya kujibia. Nilikuwa naogopa kusema ingine, ungezania amekufa, ungeacha."

Nikakaa mimi. Miaka yote hii nilidhani ulininyamazia, kumbe ulikuwa umempa mwenzako hewa na zamu yako pamoja.

"Ile neno ilikuwa nini?" akauliza.

Nikamwambia ni found, na maana yake. Akaomba nianze upya, kama siku ile. Nikasema, "Wound." Ulimi wake ulikuwa mzito, akalitafuna mara mbili tatu kabla halijakaa sawa. Kisha akajibu. Tulilia wote wawili, na chai ikapoa.

Basi, yaya, jibu lako nimelipata. Limechelewa, tena limekuja kwa mdomo wa mtu niliyekuwa simtaki mlangoni, lakini ni lako. Jumapili Ilunga atakula hapa. Mama ameshaniuliza kama anapenda mboga ya matembele. Pumzika sasa, hunidai neno wala sikudai.

Mdogo wako,
wa upande wa juu wa mpira.