Baiskeli ya Shangazi na Majani ya Msasa

Shangazi,

Nimefaulu. Naanza na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kushika kalamu. Ni wewe pia uliyesema kwamba nikipata nafasi ya darasa la tano utanipakia kwenye karia kila asubuhi, unishushe shuleni mjini, kisha uende kwenye kazi yako ya ukunga. Uliyasema hayo mbele ya Baba. Naye hakukataa.

Halafu homa ikakuchukua katikati ya masika. Baiskeli ikabaki imeegemea ukuta wa nyuma, ikinyeshewa. Siku ya arobaini khanga zako ziligawiwa, mimi nikapewa ile ya bluu. Baiskeli hakuna aliyeitaka. Majibu yangu yalipokuja, Baba alisema kutoka Temeke hadi mjini ni mbali mno kwa mtoto wa kike kutembea peke yake, kwa hiyo darasa la nne linatosha.

Sikubisha. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaipindua baiskeli yako, magurudumu juu.

Nilianza na majivu na makumbi ya nazi, likatoka tope tu. Kutu haikutikisika. Ndipo nikaingia kibandani kwa Baba nikachukua majani yake ya msasa, yale makavu anayosugulia vinyago. Machache tu, kila siku machache. Nilisugua bomba moja moja mpaka chuma kikang'aa. Kwa furaha nikaipaka fremu yote mafuta ya nazi, kama Baba anavyofanya kinyago kikiisha. Kesho yake nikaikokota hadi kwa fundi Saidi, aliyekuwa ameniahidi rangi nyeusi iliyobaki kwenye kopo. Alipitisha kidole kwenye fremu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Bibie, hiki si kinyago. Rangi itashikaje kwenye mafuta?"

Ikabidi nioshe kwa sabuni na kusugua tena, yote. Jioni, tukila, Baba akauliza nani anamaliza majani yake. Mama akanitazama. Nikasema ni mimi, na nikasema ya nini.

Unakumbuka alivyokuwa akikuambia kwamba mwanamke juu ya baiskeli anauaibisha ukoo? Nawe ulimjibu, "Kaka, watoto hawanisubiri nifike kwa miguu." Tangu hapo kila ukipita kibandani ulipiga kengele mara mbili, makusudi, naye akinuna bila kuinua kichwa. Basi nilingoja na mimi niambiwe habari za aibu. Baba aliendelea kula.

Asubuhi nilikuta fungu la majani ya msasa juu ya kiti cha baiskeli. Hayakuwa yale ya kukwaruzia. Yalikuwa yale laini, ambayo Baba huyatunza kwa ajili ya uso wa kinyago peke yake.

Nililia, Shangazi. Kidogo tu. Kisha nikasugua.

Sasa imepakwa rangi, na kengele iliyokuwa imekufa sauti inalia tena. Kibonyeo kile cha siku tulipoanguka mchangani wote wawili bado kipo, karibu na kiti. Uliniambia nisimwambie Baba. Sijamwambia.

Leo Jumamosi Baba alinishikilia kiti nikajifunza barabarani. Niliyumba sana. Mahali fulani aliniachia bila kusema, nami nikaendelea peke yangu mpaka kwenye kona. Niliporudi alikuwa ameshakaa kibandani, patasi mkononi. Hakuinua kichwa.

"Jumatatu ukipita hapa," akasema, "piga kengele mara mbili."

Nitapiga, Shangazi. Nitaipangusa fremu kila ikinyeshewa, na nitasoma mpaka niweze kuomba kazi yako. Siku nitakapoitwa, nitafika kabla ya mtoto. Pumzika sasa. Baiskeli haiko tena ukutani.

Binti wa kaka yako,
Anastazia