Gita la Baba na Mkono wa Kushoto

Jumapili, tarehe 3

Kaka Kobe!

Habari za huko? Za kazi, za afya, za kile kikohozi cha vumbi la ghala? Sisi huku hatujambo, isipokuwa lile jambo letu. Mama anakusalimu, anasema ukilala na njaa atajua tu, hata usipomwambia. Najua jioni hii simu zenu zimeshafungiwa getini mpaka Jumamosi, kwa hiyo hii utaisoma ikiwa imeshapoa, lakini nisipoandika nitapasuka.

Baba anagawa gita.

Umenielewa? Anagawa! Jana, baada ya kushinda kimya kutwa nzima, alimwita Mama akamwambia, "Mpigie Mpiga Besi. Aje alichukue." Mama akauliza, achukue nini? Baba akaonyesha gita ukutani kwa kidevu. Basi. Akarudi kwenye ububu wake. Na Mpiga Besi, si unamkumbuka, yule rafiki yake wa bendi mwenye tumbo la kuegeshea gita, amesema atapita Jumapili ya tarehe 24.

Kaka, gita likitoka humu ndani na Baba ametoka. Tangu kiharusi kimpige mkono wa kushoto, kazi yake ni kukaa na kutazama ule ukuta, na sasa hata ukuta anataka kuuvua nguo. Kuongea anaweza, daktari alisema ulimi hauna kitu. Hataki tu.

Lakini usilie, nina dawa. Mkono wa kulia si mzima? Mzima kama nyundo. Basi nageuza gita! Kulia kubonyeze, kushoto kukwangue nyuzi, hata kwa ngumi. Nyuzi nene zinakuja upande huu, nyembamba upande ule, na kile kimfupa cheupe cha juu ya shingo kinachozipitisha nitakichonga upya, kwa sababu uzi mnene hauingii kwenye mfereji wa uzi mwembamba. Mfupa nimeshauomba buchani, nimeuchemsha mpaka nyumba nzima inanuka, Mama kafungua madirisha yote. Nimefufua spika za mtaa mzima, nitashindwa na sanduku lenye tundu?

Sema ndiyo. Sema haraka.

Mdogo wako,
Bisibisi


Jumamosi, tarehe 9

Mdogo wangu Bisibisi,

Salamu. Mimi mzima, kikohozi kimepungua, mgongo umeongezeka. Mwambie Mama nakula. Mama mwenyewe je, analala? Usimuulize, mwangalie macho.

Nimesoma nikiwa nimesimama hapo hapo getini, wenzangu wakanipita wote. Jibu langu ni hapana. Usiguse.

Nakujua. Redio ya Mama uliifungua kuipangusa vumbi tu, ikafungwa, ikabakisha skrubu mezani, na mpaka leo ukiongeza sauti inabadili stesheni. Ile ilikuwa redio. Hili gita ndilo lililotulisha sisi, Baba akirudi asubuhi na vidole vimechimbika.

Halafu, umemuuliza mwenyewe? Mkono wake wa kulia umekwangua nyuzi maisha yake yote, leo unaambiwa ukabonyeze? Ni kumwambia mshonaji akaendeshe lori kwa sababu miguu yote miwili inajua kukanyaga.

Kaa naye kwanza. Msikilize.

Kaka yako


Jumapili, tarehe 10

Kaka,

Natumai umeshinda salama, ingawa simu najua imeshafungiwa. Hapa Mama hajambo, usingizi anaupata wa kuibia, macho yameingia ndani kidogo. Nimemwangalia kama ulivyosema.

Jibu lako limekuta nimeshafanya. Usinitukane, soma kwanza.

Mfupa umetoka mzuri ajabu, nimeupiga msasa mpaka unateleza kama jino. Nyuzi nimezigeuza. Zikiwa wazi, asali! Nikaanza kupanda shingoni, kwenye vile vyuma vya kubonyezea, chuma cha tatu sawa, cha tano mhh, cha saba uongo mtupu. Kila nikipanda, uongo unaongezeka.

Kosa nimeliona. Ule mfupa wa chini, kwenye daraja linaloshika nyuzi tumboni mwa gita, umekaa mshazari, na si kwa bahati mbaya. Uzi mnene unataka urefu zaidi kuliko mwembamba. Mimi nimegeuza nyuzi, mshazari haukugeuka. Dawa ni kuchimba mfereji mwingine kwenye daraja, wa mshazari wa upande wa pili. Kuchimba, kaka. Kwa patasi. Kwenye gita la Baba. Nikiteleza, ule mti hauoti tena.

Lakini sikia kilichotokea! Nilikuwa jikoni najaribu uzi mmoja mmoja, taratibu, nikidhani Baba amelala. Mara chumbani, "Uzi wa tatu umepanda!"

Kaka, ile sauti! Ile ile ya kutufukuza kwenye vyombo vya bendi. Mama alikaa sakafuni hapo hapo na kisu mkononi. Nikalegeza uzi kidogo.

"Sasa umeushusha mno, kiziwi wewe!"

Nikaurudisha. Nikamwita, "Baba, uzi uko sawa sasa?" Kimya tu. Lakini alisikia, unaona? Anasikiliza! Ndiyo maana naogopa mara mbili. Sasa anajua nimelifungua, na hajaniuliza neno.

Nichimbe?

Bisibisi wako


Alhamisi, tarehe 14

Kaka yangu,

Hujambo? Najua huisomi hii mpaka keshokutwa, najiandikia mwenyewe tu, mikono ipate kazi.

Patasi nimeazima kwa fundi seremala. Akaniuliza unachonga nini, nikamwambia kigoda. Nimechora mstari wa penseli kwenye daraja. Nimeufuta. Nimeuchora tena. Leo niliweka ncha ya patasi juu ya mstari, nikainua nyundo, jasho likanidondokea machoni, nikaishusha. Nyundo, si patasi. Yaani sikugonga.

Ndipo nikamwona Baba mlangoni. Kaja mwenyewe, kaegemea ukuta, mguu wa kushoto anauburuta. Ameitazama patasi. Amelitazama gita. Nikasema, "Baba, nilitaka nikuulize..."

Akasema, "Si langu tena hilo. Fanya utakavyo."

Akageuka, akaondoka vile vile kwa ukuta. Bora angenitukana! Ukiniambia kiziwi najua nasimama wapi. Fanya utakavyo, hiyo unaipeleka wapi?

Mama anasema lirudishwe lilivyokuwa, Mpiga Besi achukue kitu kizima, aibu isituzidi. Labda ana haki. Sijui. Nimelala na patasi chini ya mto kama jambazi.

Bisibisi


Jumamosi, tarehe 16

Bisibisi,

Salamu zako nimepata zote kwa pamoja. Mimi mzima. Weka patasi chini. Umeiweka? Haya, endelea kusoma.

Sikugombezi. Hilo la "kiziwi wewe" nimelisoma mara nyingi mpaka mlinzi akaniuliza nacheka na nani.

Ila nina neno. Umeniandikia barua na barua. Najua mfupa ulivyochemshwa, najua mshazari, najua chuma cha saba. Kuhusu mkono wa Baba umeniandikia neno moja tu: kushoto. Ukoje huo mkono? Unafanya nini? Usiniambie haufanyi kitu. Wewe ukiletewa spika iliyoungua, cha kwanza hutafuti kilichokufa, unatafuta ambacho bado kinaitika. Ulinifundisha mwenyewe nikiwa nakushikia tochi.

Basi mwangalie na yeye hivyo. Akinywa maji, akivaa shati, akikasirika. Halafu ndiyo uniambie habari za gita.

Nimeomba ruhusa nije, wamekataa. Nitaomba tena.

Kaka yako


Jumatano, tarehe 20

Kaka,

Salamu kutoka kwa mjinga. Wazima wote. Mama kacheka jana, usiulize kwa nini, nitakwambia.

Nimeangalia mkono. Siku nzima ya Jumapili nilijifanya nafagia chumbani kwake, mpaka akasema sakafu itatoboka. Kaka, ule mkono haujalala! Umefumba. Ukimpa kikombe kwa kushoto anakikamata, na akikikamata ndiyo kakikamata, Mama inabidi amfungue kidole kimoja kimoja kama anamenya ndizi. Vidole havitengani, hilo ni kweli, kubonyeza chuma kimoja kimoja hawezi. Lakini ngumi inashika, na bega linaupeleka mkono kushoto na kulia vizuri kabisa. Nimekaa naye nyumba moja muda wote huu na nilikuwa sijui!

Nikakumbuka video niliyowahi kuona, mzee kalaza gita mapajani kama mtoto anayevalishwa, nyuzi zinatazama dari. Habonyezi kitu. Anatelezesha chuma juu ya nyuzi na sauti inapanda na kushuka kama mtu anayelia. Kulia kunakwangua kama kawaida! Na ukitelezesha huhitaji vile vyuma vya shingoni, sikio ndilo linakwambia simama wapi. Na sikio la Baba unalijua.

Basi nyuzi nimezirudisha kama zamani, daraja halijaguswa, penseli nimefuta. Nimechonga mfupa mwingine wa juu, mrefu, nyuzi zimeinuka mbali na shingo ili chuma kisigonge. Ukiung'oa huo mfupa, gita linarudi lilivyokuwa. Nyuzi nimezipatanisha zote, ukizikwangua wazi zinaimba pamoja.

Sasa chuma. Ngumi inataka kitu cha kukamata, na nyuzi zinataka kitu laini kinachong'aa. Nimezunguka nyumba, kabatini, stoo, mpaka nikakipata: ncha ya usukani wa baiskeli, na mpira wake wa kushikia! Ngumi inakaa kwenye mpira, chuma kinalala kwenye nyuzi. Ndicho kilichomchekesha Mama. Usiniulize baiskeli ya nani. Ilikuwa imekaa tu.

Nikampelekea. Nikaliweka gita mapajani, nikamwekea ule usukani mkononi. Akautazama. Akasema, "Mimi ni mpiga gita. Si fundi baiskeli." Akalisukuma kwa goti, nikalidaka linaanguka.

Sijamgusia tena. Jumapili Mpiga Besi anakuja, na gita nililolitengeneza hakuna atakayelipiga, si yeye, si Baba. Je, nirudishe mfupa wa zamani? Au niache?

Mdogo wako


Jumapili, tarehe 24, mchana

Kaka, uko hewani? Simu si unayo mpaka jioni? Salamu tutapeana baadaye.

Mpiga Besi kaja asubuhi na mkoba wa gita mgongoni. Mfupa sikuubadilisha, nilishindwa kuamua mpaka mlango ukagongwa. Baba hakumtazama, alisema tu, "Chukua."

Mpiga Besi kakaa kitandani, kalipakata juu ya tumbo lake, akataka kupiga kidogo kwa heshima. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akavuta pumzi, akatumia mikono miwili!

"Nani kafanya hivi? Nyuzi ziko juu kama waya za umeme! Binti, hili gita au uzio?"

Nikakosa pa kuweka uso. Mama akaanza kuomba radhi. Ndipo Baba akasema, "Lete."

"Nini?"

"Si la kubonyeza hilo, mzee mzima hujui? Lete hapa."

Nikalilaza mapajani, nikafungua ngumi, nikaingiza mpira. Akakwangua. Akatelezesha. Paka aliyekanyagwa mkia! Mpiga Besi akatazama chini. Akajaribu tena, akapita mahali, akarudi nyuma kidogo tu, kama unywele, na hapo sauti ikasimama. Ikasimama imenyooka, ikajaa chumba. Baba akafumba macho. Akaenda ya pili, akaipata. Ya tatu akaikosa, akajitukana, akaipata. Akaunga wimbo wao ule wa kufungulia dansi, polepole mno, na Mpiga Besi akaanza kugonga besi kwenye tumbo lake, dum, dum, machozi yanamtoka na wala hajali.

Haikuchukua muda. Mkono ukakaza, ukaanza kutetemeka, nikamfungua vidole. Shati lote limelowa. Mpiga Besi kasimama, kakunja mkoba wake mtupu kwapani, kasema, "Mazoezi saa kumi leo, ukumbi ule ule. Kiti chako kipo." Huyo kaenda.

Sasa vita. Mama anasema haendi. Anasema ngazi zile hata wenye miguu yote zinawashinda, kule kuna wapigaji vijana hawamjui, watamwona anahangaika na usukani wa baiskeli na watacheka, na akichekwa leo hatashika gita tena mpaka anakufa. "Humu ndani amepiga, inatosha," anasema. "Ukimtoa mlangoni, utamrudisha wewe, vyovyote atakavyokuwa." Kajifungia chumbani kwake. Na najua halali huko ndani, anasikiliza.

Nikamuuliza Baba, "Unataka kwenda kweli?" Niliporudi sebuleni nikamkuta kajikokota mpaka huko, kavaa kiatu cha kulia, mwenyewe, kamba kaifunga kwa mkono mmoja na meno. Cha kushoto kakitumbukiza mguu tu, hakikamatiki. Kauleta mguu mbele, kamba zimelala sakafuni, na ananitazama.

Inakaribia saa tisa na nusu. Nimekaa jikoni nakuandikia na namsikia anagonga gonga kisigino. Naona barua ya Jumatano umeshaifungua na hujajibu.

Kaka, ungekuwa wewe, ungeenda kumfunga kamba?

Mdogo wako,
Bisibisi