Fungu la Mchanga Mbele ya Sheria

Malé, Jumapili

Kaka yangu mpendwa Latheef,

Assalaam alaykum. Natumai mgongo umepoa na shemeji bado anakukataza kubeba mizigo. Mimi ni mzima, ila chai ya ofisini imeniharibu tumbo.

Unawakumbuka watu wa tume yetu ya mipaka waliokuja kuchukua ushahidi wako kuhusu fungu la Dhonfinolhu. Mwanasheria wetu, Bi Raufath, ndiye aliyekuwa aupeleke kwenye mahakama ya kimataifa. Kaka, mama huyu nampenda na namwogopa. Hapandishi sauti, lakini akiingia wakubwa wanakaa vizuri vitini. Sheria anaieleza kama mapishi: kisiwa kilichoota chenyewe, kikabaki kikavu maji yakijaa, kina bahari yake, kilichojengwa na mtu kinapata mita mia tano za usalama kukizunguka, basi. Kwetu sisi, tofauti hiyo ni maji yote ya jodari yanayotulisha.

Jumatatu zililetwa picha za wapiga mbizi, walizopiga chini ya fungu. Akaziangalia mpaka chai ikapoa, akaniuliza tangu lini matumbawe yakajipanga, mawili yamelala na la tatu limesimama. Mwenzangu mmoja akacheka, akamwambia afiche hizo picha, nchi jirani tunayogombania nayo maji hayo haitapiga mbizi. Akajibu kwamba sisi wadogo hatuna manowari, tuna sheria tu. Tukishinda kwa mawe haya, wenye nguvu wakija kesho kumwaga mchanga mlangoni kwetu tutawaambia nini?

Lakini picha zilikuwa na ukungu, na wewe ulikuwa umeapa kwamba fungu lilikuwa kavu tangu enzi za babu. Hakuwa na wa kumthibitishia.

Nilimfuata chumbani kwake nikamwambia. Kwamba huo ni mkono wa baba, ndivyo alivyopanga kila ukuta aliojenga. Kwamba zamani maji yakijaa yalilifunika, na mimi na wewe tulimpitishia mawe likizo nzima ili apande minazi. Uliapa uongo kwa ajili ya watu wetu, nami nimekuanika. Ushahidi wako umeondolewa kabla ya kufika mahakamani, hutashtakiwa, lakini bahari ile tumeipoteza. Waambie watu ni mdomo wangu.

Bi Raufath aliniuliza jina la fundi, akaliandika kwenye faili: mjenzi, Moosa Kaleyfaanu. Miaka yote tumesikitika kwamba baba hakuacha kitu chenye jina lake.

Msalimie mama, na umsomee yote. Wabusu watoto. Usiponijibu, nitaelewa.

Nduguyo,
Nashidha