Mfupa Kwenye Kuku wa Soya

Quyen shoga, nimeumbuka! Si unajua leo ni mwezi mpevu, sisi Wabudha hatuli nyama? Basi nikampeleka mama yake Luan, mkwe wangu mtarajiwa, pale kwa Bi Nhan, mgahawa usiopika nyama kabisa.

Nang'ata paja la kuku wa bandia, wa soya, meno yakagonga mfupa. MFUPA! Nikapayuka: "Bi Nhan, unatulisha nyama siku ya leo?" Mgahawa mzima ukaweka vijiti chini.

Bi Nhan akaja, akauchukua ule mfupa, akautafuna. Akautafuna, shoga! "Kijiti cha mchaichai hiki, mwanangu. Bila mfupa paja utalishikia wapi?"

Nikatamani ardhi inimeze. Mama Luan kainama, mabega yanamtetemeka. Nikajua harusi ndiyo basi.

Kumbe anacheka! Akaninong'oneza: "Afadhali wewe umesema. Mimi mfupa wangu nimeuficha mkobani, nikamwonyeshe mtawa hekaluni."