Kidumu cha Kaka Msellem

Shella, Malindi
14 Machi 1986

Kaka yangu mpenzi Msellem,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mombasa na kikohozi kile kimekwisha. Sisi hatujambo. Mama anakuombea kila baada ya sala, na bado anauliza kama unapika bila chumvi.

Mimi, alhamdulillahi, nimepata nafuu kubwa. Mwezi wa Januari miguu ilinivimba hata viatu vikanikataa, nikaenda kwa Sista Jedida, yule muuguzi wa watafiti wa presha na figo. Nilijua wanapima wanaume tu. Walisema hedhi na mimba zetu zingewavurugia hesabu, kana kwamba sisi tumezaliwa bila figo! Jedida alinipima hivyo hivyo, akakuta presha iko juu mno na mkojo una protini. Daktari alisema figo zimeanza kuumia, ila nimewahi. Nameza dawa kila asubuhi. Jedida naye aliwaandikia wakubwa wake, na wiki iliyopita wameandikishwa wanawake kumi na wawili wa hapa Shella, wa kwanza mimi. Nawashukuru mno, Mungu awalipe.

Jedida aliniuliza kwa nini nilikwenda kwao na nilijua hawapimi wanawake. Nilimjibu huku nalia, na wewe nakujibu vivyo hivyo.

Kaka, unakikumbuka kidumu ulichopewa mwaka jana ukusanye mkojo wa siku nzima? Ulipomaliza ulikificha kwa haya nyuma ya pipa la chooni, ukipeleke kesho yake. Mimi nilikuwa nasafisha, nikakimwaga. Nilipoona karatasi yenye jina lako niliogopa hasira zako, nikakijaza mwenyewe mpaka kulipokucha.

Figo walizokwambia zinaumwa ni zangu. Mkojo wako haujapimwa hata siku moja. Ukakataa kurudia kipimo, ukaahirisha harusi usije ukamwacha Mwanabibi mjane, ukaenda zako, nami nikanyamaza. Nisamehe, kaka. Kidumu chako ndicho kilichoniokoa, maana miguu ilipovimba nilijua pa kwenda.

Mwanabibi nimemweleza. Alinitukana kweli kweli, akalia, kisha akauliza basi la Mombasa linafika saa ngapi.

Njoo upimwe mkojo wako mwenyewe, ndipo tupange siku. Mama na majirani wote wanakusalimu. Ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, nimekutundikia jikoni. Utamla peke yako, chumvi sasa nimekatazwa mimi.

Mdogo wako mwenye kosa na shukrani,
Shekha