Moyo wa Wendell

Duluth, Februari

Dada yangu Corinne,

Theluji imefukia gari langu tena. Jana zamu yangu hospitalini nilimhudumia Wendell, dereva aliyekufa ubongo, akipumua kwa mashine tu. Mkewe, Lorna, alikubali figo zake zitolewe wapewe wagonjwa. Kabla ya upasuaji, moyo ukasimama. Nikaanza kumkandamiza kifua.

"Si mmesema amekufa?" Lorna akalia. "Mwacheni apumzike!"

"Amekufa, mama. Lakini moyo usiporudi kupiga, figo zitakosa damu, nazo zitakufa."

Akamshika mumewe mguu. "Basi kaza mikono, binti."

Moyo ukarudi. Figo zimewafikia watu wawili.

Dada, najua mashine ya kusafisha damu imekuchosha, na unasema huwezi kuishi kwa msiba wa mwenzako. Nakusihi, usijitoe kwenye foleni ya kungojea figo. Ukipigiwa simu, pokea.

Mdogo wako akupendaye,
Ardis