Siagi ya Karanga ya Sitara

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nesi kanipima tena kliniki. Sukari ya mimba bado iko juu. Kanipa siku kumi nijaribu kwa chakula. Isiposhuka, nalazwa, naanza sindano. Miezi saba hii! Na yule wa kwanza nilimpoteza mimba ikiwa ya miezi sita. Simwambii mtu ninavyoogopa. Naandika hapa tu.

Kutoka kliniki nikazunguka Kariakoo mpaka miguu ikavimba. Mkate wa brauni — umetiwa sukari. Juisi ya boksi — sukari. Mtindi — sukari! Hata tomato sosi, jamani. Muuzaji mmoja kaniuliza, sasa dada, wewe unakula nini?

Afadhali nina Sitara. Shoga yangu tangu madrasa, Magomeni. Duka lake liko milango miwili kutoka stationery ninapofanya kazi. Siagi ya karanga anatengeneza mwenyewe, na zile stika za HAINA SUKARI namchapia mimi. Nimemweleza yote ya nesi. Kanipa makopo mawili. Kasema nitie kijiko kwenye uji, mtoto atoke na mashavu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimepima sukari baada ya uji: 10.9, na nesi anataka isifike 8. Nikadhani kimashine kimeharibika. Nikarudia. 11.1.

Uji anapika mama mkwe. Kaja kutoka Buguruni kunisaidia, maana mume wangu Abubakary yuko safarini na lori, Tunduma huko. Nikauonja vizuri. Mtamu! Nikamuuliza. Kaapa hajatia hata punje, ametia ulezi na siagi yangu tu. Lakini si yeye juzi aliyesema uji bila sukari ni wa mahabusu? Mbishi huyu mama. Namjua.

Na siagi je? Hapana. Sitara alishaniambia, karanga za Dodoma zikikaangwa vizuri zina utamu wake.

Jumapili, 7 Septemba

Nimefungia sukari kabatini. Ufunguo nimeuvaa shingoni.

Mama mkwe kaamka anataka chai. Kaona kufuli. Kaona ufunguo. Hakugomba — afadhali angegomba! Kakunja kanga zake polepole, kasema nyumbani kwa mwanangu nafungiwa sukari kama mwizi, haya. Kaondoka. Hata chai hakunywa.

Sikumzuia. Mtoto wangu kwanza.

Jumatano, 10 Septemba

Siku tatu napika uji mwenyewe. Sukari iko kabatini. Leo: 11.6.

Nikakaa chini kabisa, sakafuni. Nyumba nzima niko peke yangu. Mimi na lile kopo.

Mchana nikanunua karanga kilo moja, nikaenda kwa Pius mwenye mashine ya kusaga, ndiye anayemsagia Sitara. Nikamwambia nisagie mbele ya macho yangu, kama za Sitara. Akauliza, sukari yako iko wapi? Sukari gani, Pius? Akacheka. Kumbe Sitara kila ndoo ya karanga anakuja na kilo tatu za sukari! Karanga ghali, anasema Pius, na bila utamu wateja hawarudi. Yeye alidhani najua. Marafiki si nyinyi?

Nikakalia gunia la mtu.

Nikaenda dukani kwa Sitara. Nilitegemea atakana. Wala! Kasema hao wote wanaojidai hawataki sukari, ukiwapa isiyo na sukari wanarudisha kopo. Nikamwambia mimi ni mgonjwa Sitara, nilikwambia. Kasema nilijua kijiko kimoja hakidhuru, shoga. Nikaanza kulia. Ndipo kapandisha sauti: na stika si ulichapa mwenyewe? Siku gani uliniuliza?

Mshenzi! Huyu ndiye aliyelala kwangu siku saba yule wa kwanza alipokufa. Alinishika kichwa. Alijua, akanifungia makopo kwenye mfuko, akanikumbatia. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeumia, Mungu anajua.

Ijumaa, 12 Septemba

Nalazwa. Nesi anataka ndugu wa kukaa nami. Abubakary amekwama mpakani. Sitara kapiga mara sita, sipokei. Nani mwingine?

Nimempigia mama mkwe. Shikamoo mama. Marahaba. Nikamweleza yote — Pius, Sitara, siagi — nikilia kwenye benchi mbele za watu. Nikamwomba radhi. Akaniacha nimalize. Akauliza wodi gani. Nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha.

Kasema nitakuja, Najma, huyo ni mjukuu wangu. Uji nitapika nije nao. Ila niambie kabla sijawasha moto: utaunywa, au utampa nesi auonje kwanza?

Naandika simu ikiwa sikioni. Hajakata. Namsikia anahema, anasubiri, na mimi naweka kalamu chini nimjibu.